Dhahabu ya Korongo la Kisemei

Haya yote ni kweli, kweli ya kuapiwa. Mzee Bedan Gakuru aliyaapia mwenyewe hotelini kwa Jeylani, mkono mmoja juu na mwingine ukiwa tayari kwenye sahani ya mandazi ya mtu mwingine. Aliapa kwa mvua, kwa meno yake yaliyobaki, na kwa Gathoni mkewe, ambaye hakuwapo kukataa. Asiyeamini aende Kitengela akaulize. Akiambiwa hapajawahi kuwa na Gakuru wala Jeylani, ajue tu ameuliza upande usiofaa wa barabara.

Ilikuwa mwaka wa 2000, ule wa kiangazi kikali na stima ya mgao, wakati ng'ombe walibaki ngozi na pembe. Kitengela ilikuwa inageuka mji watu wakiitazama. Leo unapita mahali swala wanakula, kesho unakuta nguzo, keshokutwa unakuta seng'enge na kibao kinachosema shamba hili haliuzwi, maana yake mwenyewe anangoja bei ipande. Gakuru alikuwa mmoja wa waliokuja na nguzo. Alikuwa fundi wa mabomba Nairobi mpaka magoti yakamwambia basi, akanunua kipande cha ardhi kinachogusa mto, akakizungushia seng'enge, na Gathoni akakijaza sukuma wiki. Hata katika ukame ule, kwa maji ya kubeba kwa ndoo, sukuma ya Gathoni ilinona mpaka wapita njia wakapunguza mwendo.

Aliyewauzia kipande hicho alikuwa jirani yao wa juu, Kisemei, Mmaasai mrefu, mkimya, wa rika la Gakuru. Kisemei alikuwa ameuza vipande vya kando ya mto kimoja kimoja, hiki kwa sababu ya karo, kile kwa sababu ya hospitali, mpaka siku moja akasimama mlangoni kwake akaona kwamba mto ameuuza wote. Alibakia na sehemu ya juu yenye mawe na korongo kavu. Kati ya ng'ombe wake na maji palikuwa na ua wa Gakuru.

Sasa, watu hawa wawili walikuwa marafiki, na si urafiki wa kuombana chumvi tu. Kila alasiri walikaa kwa Jeylani, Gakuru akisema na Kisemei akisikiliza. Wengine walimsikiliza Gakuru kwa kucheka. Kisemei alimsikiliza kama mtu anayeletewa habari za mifugo. Gakuru aliposema kwamba kule kwenye mgodi wa dhahabu, enzi za Wazungu, mashine za kuponda mawe zilikuwa na kelele hata kuku wa kijiji kizima wakataga mayai yasiyo na maganda, wengine walipiga meza kwa kicheko. Kisemei aliuliza kama majogoo nao waliathirika. Msikilizaji wa namna hiyo Mungu humpa mtu mmoja tu maishani.

Kwa hiyo Kisemei aliposema alasiri moja, akikoroga chai yake, kwamba anauza sehemu iliyobaki na kuhamia Illasit kwa kaka yake, Gakuru alihisi kama mtu aliyeondolewa kiti akiketi.

Illasit, Kisemei alieleza, maji hushuka kutoka mlimani bila kumwomba mtu ruhusa. Hapa ng'ombe wake walizunguka nyua za watu mpaka darajani ndipo wanywe, na wakifika nyumbani tayari wana kiu tena. Mnunuzi alikwisha kumpata, Ishmael Mugo, mtu wa Thika mwenye duka la hardware. Alieleza hayo yote bila kutazama upande wa ua wa Gakuru, na kule kutotazama ndiko kulikomchoma Gakuru zaidi.

Jioni alimgusia Gathoni. Alimwambia kwa sauti ya mtu aliyefikiwa na wazo hivi punde kwamba pengine wangeweza kufungua kanjia kadogo shambani, ng'ombe wa jirani wapite mtoni. Gathoni alikuwa anapalilia na hakuinua kichwa. Aliuliza tu kama hao ng'ombe wangependa kulala kitandani upande wa ukutani au upande wa mlangoni.

Hapo Gakuru akaona njia hiyo imefungwa. Kung'oa nguzo kulihitaji mgongo na kumshinda Gathoni kulihitaji miujiza, lakini uongo ulihitaji ulimi tu, na wa Gakuru haukuwa umestaafu.

Ni vizuri ijulikane kwamba mgodini alifika kweli. Akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya arobaini, alikwenda Kakamega wakati Wazungu walipokuwa bado wanachimba dhahabu, akapata kazi kwenye kinu chao cha mawe. Kwa jinsi alivyosimulia, yeye ndiye aliyekuwa akilamba jiwe na kumwambia meneja kama limebeba au halikubeba. Alisema wafanyakazi walinyolewa kila Jumamosi na nywele zao kuoshwa kwenye karai, maana vumbi la dhahabu liliwakaa vichwani, na kwamba kinyozi ndiye aliyekuwa tajiri kuliko wote mpaka siku walipoanza kuajiriwa watu wenye upara. Alisema paka wa meneja alikuwa na desturi ya kulala mahali penye unga wa mawe na kujilamba, na kwamba palikuwa na askari wa kumfuata paka huyo kila aendako, akiwa na koleo na heshima zote.

Kazi yake halisi ilikuwa kufua mablanketi. Mawe yalipondwa na vyuma vizito vilivyopanda na kushuka mchana kutwa, unga wake ukatiririshwa kwa maji juu ya meza zilizoinama, na juu ya meza hizo palitandikwa blanketi. Mchanga ulipita na maji, lakini dhahabu, kwa kuwa ni nzito, ilizama ikashikwa na manyoya. Blanketi likijaa, Gakuru alilifua kwenye pipa. Kile kilichobaki chini ya pipa kilipelekwa chumba cha zebaki ya kunasia dhahabu, na chumba hicho Mwafrika hakuruhusiwa hata kupiga mwayo mlangoni. Alifua mablanketi mpaka mgodi ukafungwa, akaondoka na kikohozi na blanketi moja ambalo, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa akiyahesabu, halikukosekana.

Basi alitoa kwenye sanduku la kazi koki kuukuu ya shaba, akachukua tupa, akaingia stoo. Gathoni alipouliza ile kelele ni ya nini, alijibiwa kwamba jembe linanolewa. Alasiri nzima tupa iliimba. Ilipomalizika, Gakuru alikuwa na unga wa manjano wa kutosha kumtajirisha mjinga. Akauchanganya na ugoro ndani ya kikopo chake, akakipiga kwa kidole, akakitia mfukoni.

Siku iliyofuata alimkuta Kisemei korongoni akitafuta ndama. Wakasalimiana, sopa, ipa, mifugo, watoto, mvua ambayo haipo. Gakuru akainama kama mtu anayefunga kiatu, akaokota jiwe jeupe. Akaligeuza. Akalilamba. Akakaa kimya muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kimya tangu abatizwe.

"Olchore," alisema mwishowe, kwa neno la Kimaasai la kumwita rafiki, "haya mawe umekaa nayo siku ngapi?"

"Mimi siku zote. Yako na maneno gani?"

Gakuru akamwambia. Kisemei akasikiliza, akalilamba jiwe naye, akasema halina ladha. Gakuru akamweleza kwamba hiyo ndiyo dalili.

Wakafungua mgodi. Kinu kilikuwa cha Gathoni. Gakuru alimwambia kimeazimwa na akina mama wa kanisa. Walitwanga mawe kwa zamu mpaka mikono ikawa kama ya mtu mwingine. Wakainamisha ubao, wakatandika juu yake blanketi jekundu ambalo Katoo, mke wa Kisemei, alilitoa kwa shingo upande, wakamimina unga wa mawe na maji. Maji ndiyo yaliyomuuma Kisemei. Kila mtungi ulipoinamishwa alitaja jina la ndama ambaye angeunywa.

Gakuru alingoja mpaka rafiki yake alipopiga magoti kutazama. Akatoa kikopo, akamimina ugoro kiganjani, akakileta kiganja puani.

Kisemei, bila kuinua macho, akanyosha mkono wake. Hakuna mzee wa Kimaasai wala wa Kikuyu anayefungua ugoro mbele ya mwenzake bila kumpa. Hata watu wenye kesi hupeana. Gakuru alijikuta akisema ugoro umekwisha, hii ndiyo ya mwisho, na uso ukamwaka moto, maana katika uongo wote wa maisha yake huo ulikuwa wa kwanza kuuonea aibu. Kisemei alimtazama kwa mshangao. Lakini hapakuwa na nafasi ya kuuliza, kwa kuwa Gakuru alipiga chafya ya haja, chafya iliyoanzia magotini, na kiganja kizima kikamwagikia blanketi.

Alipofuta machozi na kumwaga mtungi mwingine, ugoro ulienda na maji. Manjano ikabaki. Juu ya wekundu wa blanketi, katika jua la saa sita, ilimetameta hata Gakuru mwenyewe akashawishika kidogo.

Kisemei alikaa akiitazama. Akauliza kama ni hiyo. Gakuru akasema ndiyo hiyo, na kwamba mtu mwenye kitu kama hicho ardhini hahami, anakaa, anangoja, anasikilizana na marafiki zake.

"Hapana," Kisemei akasema. "Ng'ombe hawakuli hii. Ng'ombe wanataka maji. Lakini sasa nitauza bei mzuri, na huko Illasit nitapata shamba ya kugusa mto pande mbili."

Gakuru alikifunga kikopo, akakirudisha mfukoni.

Habari haikulala. Kisemei alimwambia Katoo peke yake, na Katoo alimwambia mtu mmoja tu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa Haibe, dalali wa ng'ombe, mtu anayelipwa kwa kusema. Kufikia wakati wa chai, Kitengela nzima ilikuwa inalamba mawe. Vijana wa viwandani walipita korongoni wakitembea polepole huku wakitazama chini kama watu waliopoteza funguo. Mmoja alimsimamisha Gakuru akamwambia, "Mzee, tuangalilie job kwa hiyo mgodi, tuko na nguvu." Jeylani alianza kumwita Injinia. Gakuru, na hili ni lazima lisemwe, alipaswa kuona huzuni lakini aliagiza chai ya pili.

Furaha hiyo ilimwisha Ishmael Mugo alipofika na pickup yake. Mugo alikuwa mtu mnene, mwenye adabu nyingi, na alizungumza habari ya vitunguu. Alisema udongo wa juu kule ulimvutia sana kwa vitunguu. Huku akivisifu vitunguu, aliinama kila hatua na kuokota jiwe jeupe, akalitia mfukoni, mpaka suruali ikaanza kushuka na ikambidi aendelee na vitunguu akiwa ameishika kiunoni kwa mikono miwili. Alimwambia Kisemei kwamba yuko tayari kumaliza mambo wiki hiyo hiyo, na kuongeza kitu juu, kwa sababu ya urafiki.

Sasa Gakuru aliona kazi ya mikono yake. Alitaka Kisemei abaki, na badala yake alikuwa amemtia mbio. Ilibidi aufute uongo wake, na njia pekee ilikuwa kusema ukweli, kazi ambayo hakuwa na uzoefu nayo.

Alimfuata Mugo kwenye pickup, akamwambia kwa upole kwamba hapo hapana dhahabu.

Mugo alitabasamu. "Mzee, mimi nimeuza misumari miaka mingi. Mtu akiniambia misumari ni mbaya, najua anataka kununua yeye."

Gakuru alikwenda hotelini akawaambia wote waliokuwapo kwamba alikosea, kwamba ile ni shaba tu, na labda hata shaba yenyewe si ya hapo. Haibe akaweka kikombe chini, akamtazama kwa masikitiko ya kweli.

"Mzee Gakuru," akasema, "siku zote tumekaa hapa tukiskia maneno yako. Kuku bila maganda tumekubali. Paka na askari tumekubali. Leo ndiyo umeanza uongo."

Alijaribu hata kwa Kisemei. Alimwambia kwamba dhahabu nyingine hudanganya jicho. Kisemei alimshika bega, akamwambia asiwe na wivu, akishauza atamletea kondoo kutoka Illasit.

Aliyemwokoa, au hivyo ndivyo alivyofikiri, alikuwa Mugo. Kama mtu wa hardware alitaka kuona bidhaa kabla ya kutoa pesa. Alisema mawe yatwangwe na kufuliwa mbele ya mashahidi, na kama blanketi litang'aa, atatia sahihi papo hapo. Kama halitang'aa, yeye na vitunguu vyake watarudi Thika. Gakuru aliposikia hivyo moyo ulimrudi. Mfuaji ni yeye. Safari hii hatatia kitu, blanketi litabaki tupu kama ahadi ya mbunge, Mugo ataondoka, na hakuna atakayejua lolote. Uongo utakufa kifo cha kawaida.

Na kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwepesi, alikumbuka lile la ugoro. Lilikuwa bado linamuuma. Kumnyima mwenzako ugoro ni kama kumwambia hujamwona. Alikwenda sokoni akanunua ugoro mzuri, ule wa kumfanya mtu aone ukoo wake wote, akajaza kikopo mpaka juu ili siku hiyo ampe Kisemei mbele ya watu. Kikopo kilikuwa kile kile. Aliujaza ugoro mpya juu ya ule uliobaki, akatikisa, akafunga. Hivyo ndivyo wazee wote wanavyojaza vikopo. Hakuna aliyewahi kuona mtu akiosha kikopo cha ugoro.

Watu walijaa korongoni. Jeylani alifunga hoteli. Haibe alikuja na mkewe Nasro, mwanamke aliyevaa bangili za dhahabu za mama yake na za mama wa mama yake, na ambaye Mugo alimwomba asimame karibu atoe maoni. Gathoni naye alikuja kuona dhahabu, akakitambua kinu chake kabla hajamtambua mumewe. Alikwenda akasimama karibu nacho, na Gakuru akahisi jua limeongeza ukali.

Walitwanga. Walifua. Gakuru alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka mabegani na aliinua viganja kila mara watu waone viko vitupu. Maji yalitiririka, mchanga wa kijivu ukapita, blanketi likabaki jekundu tupu. Wakafua tena. Vilevile. Mugo aliinama mpaka pua ikalowa. Uso wake ulianza kurefuka.

"Hakuna," Gakuru alitangaza, na alijitahidi sana kuonekana na huzuni. "Migodi ndivyo ilivyo. Leo iko, kesho imehama."

Kisemei alisimama akilitazama blanketi, na mabega yake marefu yalikuwa yameshuka. Gakuru alimwonea huruma. Akatoa kikopo, akakifungua, akamnyoshea mbele ya watu wote.

"Chukua, olchore. Siku ile nilikunyima."

Kisemei alichukua. Kwa kuwa alikuwa amenyimwa mara moja na sasa anaombwa radhi, alichukua ya kutosha watu watatu, akavuta tundu hili, akavuta na lile. Akatulia. Macho yakajaa maji. Kisha Kisemei, mtu ambaye hajawahi kusikika akipaza sauti, alipiga chafya iliyofanya ng'ombe wa upande wa pili wa mto wainue vichwa, akapiga nyingine, na blanketi lote likapata mgao wake.

Mtu akamwaga maji kusafisha. Likang'aa.

Mugo alipiga magoti. Alisema ananunua, sahihi iko wapi, nani ana kalamu. Watu walisukumana kutazama. Gakuru peke yake alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akagota kwenye kitu kigumu, nacho kilikuwa Gathoni.

Nasro hakuwa analitazama blanketi. Alikuwa anamtazama Kisemei, ambaye alisimama akihema, machozi yakimtiririka, na chini ya pua yake masharubu meupe yalimeremeta kama duka la sonara.

"Sasa mimi nauliza," Nasro akasema, "dhahabu iko kwa mawe ama iko kwa pua ya Mzee?"

Watu wakageuka. Kisemei akajibu kwa chafya ya tatu, na hiyo ikaenda yote kwenye shati la Ishmael Mugo, nalo likawa shati la harusi.

Mtu mwingine angekiri hapo. Gakuru aliinua kidole. Alieleza kwamba hilo ni jambo linalojulikana, kwamba mtu akiishi sana juu ya dhahabu humwingia kwa damu, na kwamba kule Kakamega walikuwa na mpishi ambaye kila akipata mafua meneja alikatiza likizo yake. Alikuwa anaelekea mahali pazuri, pale mpishi anapowekewa bima, Haibe alipokichukua kikopo mkononi mwake na kukipindua juu ya kiganja. Ugoro ukapeperuka. Manjano ikabaki. Nasro akachukua kidogo, akaisugua kwa vidole viwili, akanusa.

"Dhahabu haina harufu," alisema. "Hii inanuka koki."

"Jembe," Gathoni akasema nyuma yake, taratibu. "Kumbe ndiyo ile jembe ulikuwa unanoa."

Mugo aliondoka bila kuaga. Alisimama kwanza kando ya pickup, akatoa mawe mfukoni moja moja na kuyatupa chini, akipangusa shati kila baada ya jiwe. Pickup ilipotoweka kwa vumbi, watu walibaki wakimtazama Kisemei, kwa maana yeye ndiye aliyepoteza mnunuzi, na kwa Wamaasai aliyekosewa ndiye hutaja faini.

Kisemei alijipangusa pua polepole. Akaketi juu ya jiwe.

"Umefukuza mtu yangu," akasema. "Kwa nini, olchore?"

Uongo mzuri mzuri ulikuja mdomoni kwa Gakuru, mwingine ukiwa na wanyama ndani. Akautazama, akauacha upite.

"Ukienda Illasit mimi nitaongea na nani? Huyu Haibe hucheka kabla sijafika mahali pa kucheka."

Haibe alikubali kwamba ni kweli. Kwa kuwa ni dalali, aliongeza hapo hapo kwamba faini inayofaa ni kondoo dume aliyenona, na kwamba anamjua mmoja wa bei nafuu. Wazee wengine walitikisa vichwa kukubali, na baadhi walianza kuwazia mafuta. Kisemei alikataa.

"Kondoo nitakula leo. Kesho ng'ombe bado iko na kiu." Aliinua fimbo yake na, kwa mara ya kwanza tangu seng'enge ilipowekwa, akaielekeza moja kwa moja kwenye ua wa jirani yake. "Fungua njia. Ng'ombe wawili wakipishana. Ukikataa, natafuta mnunuzi mwingine, na huyo usimletee pua yako."

Jibu halikuwa la Gakuru. Watu wote walimgeukia Gathoni. Alikuwa ameinamia kinu chake, akipitisha kidole ndani, na mawe yalikuwa yamekitafuna kama mchwa.

"Mama Nyawira," Kisemei akamwambia kwa heshima, kwa jina la binti yake, "ni wewe unasema."

Gathoni alikipangusa kidole kwenye gauni.

"Njia itapita kwa sukuma yangu," alisema. "Sawa. Sukuma itahamishwa. Itang'olewa na kupandwa upya na huyu, kwa mgongo wake, na maji ataibeba yeye mpaka ishike. Kinu ataninunulia mpya. Na mbolea, Kisemei, ile ng'ombe wako wataangusha wakipita, ni yangu. Usinitumie Katoo na gunia."

Kisemei alitafakari habari ya mbolea kwa muda, kwa kuwa si jambo dogo, kisha akakubali. Kuhusu Illasit alisema ataangalia. Kama njia itakuwa bado wazi mvua zikija, watazungumza.

Asubuhi yake Gakuru alikuwa uani, shati limemgandama mgongoni, akipambana na nguzo ambayo yeye mwenyewe, kwa ujuzi wa fundi wa mabomba, alikuwa ameitilia saruji. Ng'ombe walikuwa wamesimama upande wa pili wakisubiri, na mmoja wao alikwisha kupitisha shingo juu ya waya na kula sukuma iliyokuwa nzuri kuliko zote. Gathoni alikuwa kivulini na kikombe cha uji. Kisemei alikuwa ameketi chini, miguu mirefu ameinyosha, fimbo mapajani.

Gakuru alijinyosha, akashika kiuno, akavuta pumzi. Alianza kusema kwamba nguzo kama hizo alishawahi kuziona kule Kakamega, na kwamba kulikuwa na moja ambayo walipoing'oa...

Kisemei aliinua fimbo, akamwonyesha nguzo inayofuata.